Wokovu: Tunaokolewa Kutoka Wapi, na Kwenda Wapi?

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo na wajumbe wa Haki na Amani katika semina ya parokia)



Ndugu wapendwa, mada tuliyokabidhiwa inahusu maana ya wokovu. Kwa mtazamo wa kwanza hii ni mada ya katekisimu, na huenda baadhi yenu mmejiuliza Tume ya Haki na Amani ina shughuli gani nayo. Kazi ya Tume, kama wengi wanavyoielewa, ni mashamba yaliyodhulumiwa, mahabusu waliosahauliwa, uchaguzi na rushwa; wokovu ni kazi ya katekista na ya padre aketiye katika kiti cha maungamo. Mgawanyo huo ndio tunaotaka kuuchunguza leo, kwa sababu tunaona kwamba umelidhuru Kanisa katika sehemu hizi za Afrika kuliko uzushi mwingi uliolaaniwa na Mitaguso.

Tuanze na swali ambalo kila mmoja wenu amekwisha kuulizwa, ndani ya basi, sokoni, au na jirani aliyekuja kuazima jembe: “Je, wewe umeokoka?” Mkatoliki akiulizwa hivyo mara nyingi hubabaika. Akijibu ndiyo, anaogopa ataonekana amehamia dhehebu lingine. Akijibu hapana, anajikuta amekana Ubatizo wake. Basi hucheka kidogo na kuyabadili mazungumzo.

Tusilidharau swali hilo. Lina historia ya heshima. Vuguvugu la Uamsho lililochipuka miongoni mwa Waanglikana huko Gahini, nchini Rwanda, likapata nguvu katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, liliwafanya watu waungame hadharani, warudishe vitu walivyoiba, na Mwafrika na mmisionari Mzungu waombane msamaha mbele za watu, jambo ambalo chini ya ukoloni halikuwa dogo. Neno letu “mlokole” limetoka huko, katika Kiganda, na maana yake ni mtu aliyeokoka. Wakatoliki wanaolitumia kama neno la dhihaka wangefanya vema kukumbuka hilo.

Hata hivyo, lugha yetu yenyewe inatusaidia kuona upungufu uliomo katika swali. Kiswahili kina “kuokoka” na kina “kuokolewa”. Mtu huokoka ajalini: gari limepinduka, wengine wamekufa, yeye ametoka na mikwaruzo. Hatuulizi nani alimtoa. Lakini mtu huokolewa na mwingine. Kitenzi hicho hakikamiliki moyoni mwa msikilizaji mpaka amtambue mwokozi. Mtume Paulo, anapowaandikia Waefeso juu ya neema, anakaza kwamba jambo hilo halikutoka kwao wenyewe, ni kipawa cha Mungu. Kwa hiyo tungependa Mkristo aseme kwanza “nimeokolewa”, kabla ya kusema “nimeokoka”.

Tena Paulo huyo huyo halitumii neno hilo katika wakati mmoja. Katika Waraka kwa Warumi, sura ya 8, asema kwamba tumekwisha kuokolewa, nasi tumeokolewa katika tumaini. Katika Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 1, asema juu yetu kama watu wanaookolewa sasa. Katika Warumi, sura ya 5, asema kwamba tutaokolewa. Mkatoliki akiulizwa tena ndani ya basi, anaweza kujibu bila kubabaika: nimeokolewa kwa kifo na ufufuko wa Kristu nilipobatizwa, ninaokolewa kila siku katika vita dhidi ya dhambi, nami natumaini kuokolewa siku ile ya mwisho. Jibu hilo ni refu kidogo kwa safari ya basi, lakini ndilo jibu la Maandiko.

Sasa tuje kwenye kiini. Tunaokolewa kutoka wapi?

Mara ya kwanza taifa la Israeli lilipomjua Mungu kama mwokozi, lilikuwa katika udongo na nyasi, likifyatua matofali ya Farao. Kitabu cha Kutoka hakisemi kwamba Waisraeli walikuwa wakisali vizuri. Chasema kwamba walilia kwa sababu ya utumwa, na kwamba Mungu alisikia kilio chao, akaona mateso yao, akashuka. Wokovu wa kwanza una jasho ndani yake, una msimamizi mwenye fimbo, una hesabu ya matofali isiyopunguzwa hata nyasi zilipokatazwa. Asemaye kwamba wokovu ni wa roho tu na haugusi ujira wa mtu wala mgongo wake, itambidi akifunge kitabu hicho.

Lakini msomaji akiendelea kufungua kurasa, anaona jambo la pili. Watu wale wale waliotolewa Misri walijitengenezea ndama jangwani. Baadaye walijipatia wafalme, na Sulemani akawatia watu katika kazi za shokoa, karibu kama Farao alivyofanya. Manabii wakagundua kwamba Misri haikuwa mahali tu. Ndiyo maana malaika alipomweleza Yosefu jina la mtoto atakayezaliwa, alilifafanua kwa kutaja dhambi: mtoto huyo atawaokoa watu wake na dhambi zao. Hilo si kupunguza madai ya kitabu cha Kutoka. Ni kuufuata ugonjwa mpaka kwenye mzizi wake. Tofali la Farao lilianzia moyoni mwa Farao.

Katika Injili, mambo haya mawili hayatenganishwi. Tafsiri zetu za Kiswahili zinaficha jambo moja zuri. Katika Luka, sura ya 7, Yesu anamwambia mwanamke mwenye dhambi aliyelia miguuni pake kwamba imani yake imemwokoa. Katika sura ya 8 anamwambia mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, nasi tunasoma kwamba imani yake imemponya. Kwa Kigiriki maneno hayo ni yale yale kabisa. Mwinjili alitumia kitenzi kimoja kwa dhambi iliyosamehewa na kwa damu iliyokoma. Watafsiri hawakukosea, kwa maana Kiswahili hudai maneno mawili. Lakini ni vema kiongozi wa Jumuiya ajue kwamba nyuma ya maneno hayo mawili lipo moja.

Lipo pia neno “ukombozi”. Kukomboa ni kulipa ili kitu kilichowekwa rehani kirudi kwa mwenyewe. Pwani yetu inalijua neno hili kwa uchungu. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa wakifanya kazi Unguja, walifungua misioni Bagamoyo, na huko wakawakusanya watoto na watu wazima waliokombolewa kwa fedha kutoka utumwani. Soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka mwaka 1873. Watu wale walipofundishwa kwamba Kristu ni Mkombozi, hawakuhitaji mfano. Walijua bei yao wenyewe. Tuongeze, kwa ukweli wa historia, kwamba waliokombolewa waliishi kijijini chini ya kengele na kanuni kali za misioni, na si wote waliouona huo kuwa ndio uhuru waliouota. Kumtoa mtu mnyororoni ni tendo la siku moja. Kumtambua kuwa ndugu huchukua muda mrefu zaidi, hata kwa watakatifu.

Wengine huuliza: fidia ya Kristu ililipwa kwa nani? Mababa wa Kanisa hawakukubaliana. Gregori wa Nisa alifikiri kwamba ibilisi ndiye aliyepewa, akadanganyika. Gregori wa Nazianzi aliona ni aibu hata kulisema. Anselmo, mwishoni mwa karne ya 11, alieleza kwa lugha ya heshima ya Mungu iliyokosewa na malipizi yanayostahili. Kanisa halikuifunga imani yetu ndani ya maelezo yoyote kati ya hayo, na sisi hatutakaa hapo.

Tuseme afadhali juu ya Yosefina Bakhita, ambaye Papa Benedikto wa 16 alimweka mwanzoni mwa barua yake juu ya matumaini, mwaka 2007. Alizaliwa Darfur, nchini Sudan, yapata mwaka 1869. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa mara kadhaa, akapigwa na kuchanjwa mwili mpaka akabaki na makovu maisha yake yote; inasemwa kwamba kwa hofu alilisahau hata jina alilopewa na wazazi wake. Mwisho alinunuliwa na mwakilishi wa Italia mjini Khartoum, akafika Italia. Huko Venice, mwaka 1889, ilipotakiwa arudishwe Afrika pamoja na waliokuwa wakimmiliki, alikataa. Na mahakama ikatamka kwamba yeye si mtumwa. Mwaka uliofuata alibatizwa. Akawa mtawa wa Kanosa, akafa mwaka 1947, na tarehe 1 Oktoba 2000 akatangazwa mtakatifu.

Angalieni mpangilio wa mambo hayo. Bakhita hakuambiwa kwamba, kwa kuwa amemjua Kristu, basi minyororo si kitu. Wala hakuambiwa kwamba hukumu ya mahakama yatosha. Alipata kujua kwamba yupo Bwana aliye juu ya mabwana wote waliomnunua, na kwamba Bwana huyo naye alipigwa mijeledi. Ujuzi huo ulimpa nguvu ya kusema “siendi” mbele ya watu wenye uwezo. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2015, sikukuu yake ya tarehe 8 Februari imekuwa siku ya sala dhidi ya biashara haramu ya binadamu. Nasi tunaopeleka mabinti zetu mijini kufanya kazi za ndani, bila kujua mshahara wala anwani, tunayo sababu ya kuiadhimisha.

Papa Paulo wa 6, katika hati yake ya mwaka 1975 juu ya kutangaza Injili, alifundisha kwamba kuna kiungo cha dhati kati ya uinjilishaji na ukombozi wa mtu katika njaa, ujinga na dhuluma, ila akaonya wokovu usifinywe ukawa mpango wa siasa au uchumi tu. Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971 ilikuwa imekwisha kusema kwamba utendaji kwa ajili ya haki ni sehemu halisi ya kuhubiri Injili. Na barua ya Idara ya Mafundisho ya Imani ya mwaka 2018 juu ya wokovu ilitaja makosa mawili ya kale yanayorudi kwa sura mpya. La kwanza ni la Pelagio, aliyepingwa na Augustino wa Hippo, Mwafrika mwenzetu: kwamba mtu aweza kujiokoa kwa bidii yake. La pili ni la Wagnosi: kwamba wokovu ni wa ndani tu, roho ikiukimbia mwili na dunia. Hatuna haja ya kwenda Ulaya kuwatafuta watu hao. Mwanaharakati anayedhani katiba nzuri itaondoa choyo moyoni ni Mpelagio. Mwanakwaya anayelia wakati wa Ekaristi, kisha Jumatatu anawapunja vibarua wake, ni Mgnosi, hata kama hajapata kulisikia neno hilo.

Na sasa hatuna budi kutaja Rwanda. Tarehe 10 Aprili 1994 ilifunguliwa mjini Roma Sinodi Maalumu kwa ajili ya Afrika, ambayo ingelitaja Kanisa kuwa Familia ya Mungu. Siku tatu kabla yake mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalikuwa yameanza, katika nchi ambayo watu wake wengi mno walikuwa wamebatizwa. Watu walikimbilia makanisani, huko Nyamata, Ntarama, Nyarubuye, nao wakauawa humo humo, mara nyingi na watu waliopokea nao Komunyo. Huko Nyange kanisa liliangushwa kwa tingatinga juu ya waliojificha ndani. Padre aliyekuwa akihudumu katika parokia hiyo alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa Arusha, na mwaka 2008, katika rufaa, akapewa kifungo cha maisha. Tarehe 20 Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa ajili ya dhambi za Kanisa na za wana wake katika maovu hayo.

Twauliza swali gumu: watu wale walikuwa wameokoka? Rwanda ndiyo iliyokuwa chimbuko la Uamsho, na ilikuwa pia miongoni mwa nchi zenye Wakatoliki wengi zaidi barani kwa kadiri ya watu wake. Vitabu vya Ubatizo vilijaa majina. Hatusemi kwamba neema ilishindwa. Tunasema kwamba wokovu ulifundishwa kana kwamba kabila, ardhi na madaraka ni vyumba ambamo Kristu hana ufunguo.

Lakini Nyange haikuishia hapo. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997 watu wenye silaha waliingia katika shule ya sekondari ya Nyange, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Wanafunzi walikataa, wakajibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Walishambuliwa kwa risasi na mabomu ya mkono, na baadhi yao wakafa. Taifa lao linawahesabu miongoni mwa mashujaa wake. Hatujui kila mmoja wao alisali vipi, na haituhusu. Twajua kwamba mahali pale pale ambapo, miaka 3 nyuma, Wakristo waliwabomolea Wakristo kanisa, vijana wasio na silaha walikataa kusogea hatua chache darasani. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Kanisa ya mwaka 1964, ulifundisha kwamba hata wasiomjua Kristu bila kosa lao, wakimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kutenda kadiri ya dhamiri, waweza kuupata wokovu. Jirani yako Mwislamu anayekataa hongo ya diwani hayuko mbali na mkono wa Mungu.

Tumefika kwa Zakayo, naye ndiye tunayetaka mwondoke naye. Mtu huyu, mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, alipanda mkuyu. Yesu alijialika kwake. Watu wakanung'unika. Zakayo akasimama na kutangaza kwamba nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliowadhulumu atawarudishia mara nne. Hapo ndipo Yesu aliposema kwamba siku hiyo wokovu umeifikia nyumba ile. Sheria ya Musa, katika Kutoka, ilimdai mwizi wa kondoo arudishe kondoo wanne. Lakini katika Hesabu, aliyeungama mwenyewe alitakiwa kurudisha alichochukua na kuongeza sehemu ya tano tu. Zakayo aliungama mwenyewe, lakini alichagua hesabu ya mwizi. Pia Yesu hakungoja malipo ndipo aingie. Aliingia kwanza. Neema ilitangulia, mali ikafuata, na Zakayo alitaja idadi mbele ya mashahidi.

Katekisimu ya mwaka 1992, katika namba 2412, yafundisha kwamba haki hudai kitu kilichoibwa kirudishwe kwa mwenyewe. Muungamaji aliyechukua shamba la mwingine na kukusudia kubaki nalo, hata akilia machozi, bado hajatubu. Hatuna desturi ya kulisema hili kwa sauti, hasa ikiwa mwenye shamba ndiye mfadhili wa ujenzi wa kigango.

Mnajua tunamaanisha nini. Mume amefariki. Amezikwa kwa Misa, na kwaya imeimba vizuri. Kabla arobaini haijaisha ndugu wa marehemu wamefika, nao ni Wakristo, mmoja ni mzee wa Jumuiya, wamechukua baiskeli, cherehani, mabati yaliyokuwa yamewekwa kwa ajili ya nyumba, na wamemweleza mjane kwamba shamba ni la ukoo. Kanuni za mila zilizopewa nguvu ya sheria mwaka 1963 zilimnyima mjane sehemu katika urithi wa mumewe, zikimwacha atunzwe na watoto wake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Na mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, baada ya kusikiliza malalamiko ya wajane wawili Watanzania, iliona kwamba kuwanyima urithi kwa kanuni hizo ni kuvunja mkataba ambao nchi yetu iliukubali. Mjane wa kigango chetu hayajui hayo yote. Anachojua ni kwamba Jumapili ataketi benchi moja na watu wenye cherehani yake, nao watampa mkono wa amani.

Katika hali kama hiyo, kazi ya kueneza wokovu inaanza kwa hatua ndogo sana. Viongozi wa Jumuiya waende kwa shemeji zake, si kwa kelele wala kwa vitisho vya kuwafukuza Kanisani, bali kama Yesu alivyokwenda: kuingia nyumbani na kuketi. Wawasomee Zakayo. Waulize cherehani iko wapi. Pakiwa na ugumu wa moyo, mjumbe wa Haki na Amani amsindikize mjane hadi Mahakama ya Mwanzo ili mirathi ifunguliwe na msimamizi ateuliwe kisheria. Na msimamizi huyo akumbushwe kwamba atawajibika mbele ya mahakama kwa mahesabu ya mali yote. Muhtasari wa kikao cha ukoo usiandikwe bila mjane kuwepo, na asitie dole gumba kwenye karatasi asiyosomewa. WAWATA wanaweza kuketi naye siku ya kikao, kwa maana mwanamke peke yake kati ya wanaume kumi hukubali mambo ambayo hakuyakubali.

Tunaomba kila kigango kitulete, kabla ya Jumatano ya Majivu, majina ya wajane waliofiwa mwaka huu na hali ya mirathi yao. Orodha hiyo ikabidhiwe kwa katibu wa Tume, katika bahasha iliyofungwa, wala isisomwe kwenye matangazo.